Katika Nyayo za Paul Robeson, Mwigizaji Aliyejifunza Kiswahili

Wahenga walilonga kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutolewa darasani mara nyingi pasi na kutafakariwa, kana kwamba neno mtumwa lililomo ni tamathali tu. Kwa Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi ambaye nyota yake ilin'gaa baina ya miaka ya ishirini na ya arobaini ya karne iliyopita, neno hilo halikuwa tamathali hata kidogo. Baba yake mzazi alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, akatoroka mnamo mwaka wa 1860 akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi. Mwana wa mtoro huyo, alipokwisha kupata jina na mali mjini London, alijiandikisha chuoni mwaka wa 1934 ili ajifunze lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Mwaka uo huo alikubali kuigiza katika filamu iliyokuja kumfedhehesha mbele ya Waafrika wenzake. Darasa lile na filamu ile havikuwa mbali: vilitenganishwa na safari fupi tu ya kuufuata mto Thames kuelekea magharibi. Yeyote anayetaka kumwelewa Robeson hana budi kusimama katika sehemu hizo mbili. Lakini kabla ya hapo inafaa kwanza kupitia Princeton.

Mji wa Princeton katika jimbo la New Jersey unafahamika ulimwenguni kwa sababu ya chuo kikuu chake. Mgeni akiyapa mgongo majengo ya chuo na kuifuata barabara ya Witherspoon, mawe na minara hukoma upesi, na nyumba huanza kuwa ndogo na za mbao. Huo ndio uliokuwa mtaa wa watu weusi: wapishi, madobi, madereva wa magari ya farasi na watumishi wa chuo ambacho watoto wao hawakuruhusiwa kusoma ndani yake. Nyumba nambari 110 ilikuwa ya mchungaji wa kanisa la Kipresbiteri lililo kwenye barabara iyo hiyo, na humo ndimo Paul alimozaliwa tarehe 9 Aprili 1898, akiwa kitindamimba. Baba yake, Mchungaji William Drew Robeson, alilihudumia kanisa hilo kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuondolewa kwa shinikizo la wakuu wa kanisa. Aliyekuwa akihubiri jukwaani akawa mzoa majivu kwa gari la farasi. Mnamo Januari 1904 kaa la moto liliruka kutoka jikoni likamwunguza mama, Maria Louisa, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Akafa kwa majeraha hayo. Paul hakuwa ametimiza miaka sita. Leo nyumba ile imehifadhiwa kwa jina lake, na barabara moja jirani inaitwa Paul Robeson Place. Mji haukumpa heshima hiyo alipokuwa akiihitaji.

Miaka ya shule yaweza kupitiwa haraka, kwa kuwa imesimuliwa mno. Familia ilihamia Westfield, kisha Somerville. Mwaka wa 1915 Paul alishinda mtihani wa ufadhili akaingia Chuo cha Rutgers, akiwa mwanafunzi mweusi wa tatu tangu kuasisiwa kwa chuo hicho. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kandanda ya Kimarekani wachezaji wenzake walimvunja pua na kumtegua bega. Alirudi uwanjani alipopona, na katika miaka ya 1917 na 1918 akateuliwa katika timu ya wachezaji bora wa nchi nzima. Alihitimu mwaka wa 1919 akiwa mmoja wa wanafunzi bora wa darasa lake, na uwanja uliofunguliwa Rutgers mwaka wa 2019 kuadhimisha miaka mia moja ya kuhitimu kwake umepewa jina lake. La kukumbukwa zaidi ni jingine. Baada ya serikali ya nchi yake kumgeuka, kulichapishwa kitabu cha kumbukumbu za mchezo huo ambamo timu teule ya mwaka wa 1918 iliorodheshwa ikiwa na wachezaji kumi badala ya kumi na mmoja. Aliyepungua alikuwa yeye.

Mjini New York alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akamwoa Eslanda Goode mwaka wa 1921, mwanamke msomi wa kemia ambaye bila yeye huenda Robeson asingeupanda ngazi yoyote. Alifuzu mwaka wa 1923 akaajiriwa na kampuni ya mawakili. Karani mmoja mzungu alipokataa kuandika maneno yanayosomwa na mtu mweusi, Robeson alichukua kofia yake akaondoka, na uwakili ukaishia hapo. Mlango uliofunguka ulikuwa wa ukumbi mdogo wa maonyesho, Provincetown Playhouse, kwenye barabara ya MacDougal, katika mtaa wa Greenwich Village. Hapo, mwaka wa 1924, aliigiza katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill, magazeti yakaanza kuliandika jina lake. Jengo la awali limebomolewa kwa sehemu kubwa. Mpita njia asiyejua habari zake atalipita bila kugeuza shingo.

Si mbali na hapo, tarehe 19 Aprili 1925, Robeson na mpiga kinanda Lawrence Brown walifanya tamasha ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi anapaswa kulitia maanani. Orodha nzima ya nyimbo ilikuwa ya nyimbo za watu weusi, nyingi zikiwa zile za kiroho zilizotungwa na watumwa mashambani, ambazo wasomi weusi wengi walizionea haya kwa kuwa ziliwakumbusha minyororo. Yeye alizileta jukwaani kama zilivyoimbwa katika kanisa la baba yake, pasipo kuzivika mavazi ya Kizungu. Sauti yake nzito ilizidi kuwa mali ya dunia tangu usiku ule. Laiti angeishia kwenye nyimbo hizo, angekufa akiwa msanii apendwaye na kila mtu. Lakini swali lilikuwa limekwisha kumwingia: ikiwa nyimbo hizi zina mizizi, mizizi hiyo ilizungumza lugha gani?

Jibu alilitafuta London. Alikwenda huko mwaka wa 1928 kuigiza katika Show Boat kwenye jumba la Drury Lane, na wimbo mmoja wa mchezo huo, Ol' Man River, ukashikamana na jina lake maisha yote. Baadaye aliubadili mwenyewe, akaondoa maneno ya unyonge na kutia ya mapambano, jambo ambalo fanani yeyote wa Kiafrika angelielewa, kwani wimbo ni wa anayeuimba. Familia ilihamia kwenye nyumba kubwa iitwayo The Chestnuts, huko Branch Hill, Hampstead, karibu na mbuga yenye miti mingi. Tangu mwaka wa 2002 ukuta wa nyumba hiyo una kibao cha buluu kinachomwarifu mpita njia kuwa Robeson aliishi humo mwaka wa 1929 na 1930. Ni nyumba ya kitajiri katika mtaa wa kitajiri, na mgeni akiitazama huenda akadhani mwenyewe alikuwa amekubalika kabisa. La hasha. Mwaka wa 1929 alikataliwa kuingia mkahawa wa hoteli ya Savoy kwa sababu ya rangi yake, ingawa aliwahi kula humo kabla. Miezi michache baadaye, Mei 1930, aliigiza Othello katika jumba la maonyesho la Savoy, lililo ubavuni mwa hoteli iyo hiyo. Wasomaji wetu waliomzoea Shakespeare kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere wanaweza kuona kinaya hicho bila kuelezwa: shujaa Mwafrika alishangiliwa jukwaani na watu ambao wangepinga asikae karibu na meza yao.

Katika bustani ya duara ya Finsbury Circus, kati ya majengo ya mabenki na mabima ya London, hakuna kitu kinachomkumbusha mgeni kuwa Kiswahili kilifundishwa hapo. Chuo cha Mafunzo ya Mashariki kilianza kazi mahali hapo mwaka wa 1917, na jengo lake la zamani limekwisha kubomolewa. Hapo ndipo Alice Werner, mtafiti wa tenzi na hekaya za Waswahili, alipofundisha hadi alipostaafu miaka michache kabla ya Robeson kufika. Chuo hiki kilianzishwa ili kiwanoe maafisa wa kikoloni, wamishenari na wafanyabiashara waliokuwa wakienda Asia na Afrika. Aliyetaka kuwa mkuu wa wilaya alijifunza Kiswahili ili aweze kutoza kodi, kusikiliza mashtaka na kutoa amri. Huko Afrika Mashariki, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ilikuwa mbioni kukisanifisha Kiswahili kwa misingi ya Kiunguja, kwa manufaa ya shule na utawala wa makoloni. Ndipo alipoingia mtu mweusi mrefu, mwenye mabega ya mchezaji, mjukuu wa watu waliouzwa, akitaka lugha zile zile kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Yeye hakutaka kumtawala mtu. Alitaka kujua babu zake walisema nini kabla ya kufungwa midomo.

Alisoma Kiswahili pamoja na lugha za Afrika Magharibi kama vile Kiyoruba na Kiefiki. Makala alizoziandika mwaka wa 1934 zinaonyesha mtu aliyelewa furaha. Katika mojawapo alitangaza kuwa anataka kuwa Mwafrika, kauli iliyowashangaza weupe na kuwaudhi weusi wengi wa Marekani, ambao kwao Afrika ilikuwa aibu ya kufichwa. Alidai kuwa aliposikia lugha hizo alihisi amezijua tangu zamani. Kwamba midundo ya usemi wa watu wa kanisa la baba yake ilitoka huko. Na kwamba lugha za Kiafrika, kwa matumizi yake ya toni, zina ujamaa wa kimuundo na Kichina. Hapa mwanaisimu atatabasamu. Kiswahili hakina toni, na katika jambo hili kingemwangusha mtetezi wake, ingawa Kiyoruba kingemsimamia. Tena mizizi ya watu weusi wengi wa Marekani haiko pwani ya Afrika Mashariki bali magharibi na katikati ya bara. Lakini kumkosoa Robeson kwa isimu pekee ni kuukata mti kwa kuwa jani moja limenyauka. Alikuwa ametambua, miaka mingi kabla ya wasomi wetu kuzua mijadala ya lugha na ukombozi, kwamba aliyenyang'anywa lugha amenyang'anywa zaidi ya maneno.

Akiwa katika hali hiyo ya ashiki, alijiwa na ndugu wawili wa Kihangari, Alexander na Zoltán Korda. Zoltán alikuwa amerudi kutoka Afrika na shehena ya picha za ngoma, makasia, vijiji na nyimbo za wenyeji. Filamu ingeitwa Sanders of the River, kutokana na hadithi za Edgar Wallace, na Robeson angekuwa Bosambo, chifu wa watu wa mtoni. Robeson alipoziona picha zile na kuzisikia sauti zile alisadiki kuwa ulimwengu ungeuona kwa mara ya kwanza utamaduni wa Kiafrika ukiwa na hadhi yake. Mtu aliyekuwa akizitafuta sauti hizo madarasani, angezikataaje zilipoletwa mlangoni?

Shepperton iko magharibi mwa London, kando ya mto Thames. Studio zilizoko huko zingali zikitengeneza filamu hadi sasa. Mwaka wa 1934 kulijengwa hapo kijiji cha Kiafrika chenye vibanda vya makuti, na mto wa Kiingereza ukageuzwa kuwa mto wa Afrika. Watu weusi walikusanywa kutoka bandari za London, Cardiff na Liverpool, wengi wao mabaharia na vibarua wasio na kazi, wakavishwa nguo za majani na ngozi. Miongoni mwao alikuwamo Mkikuyu mmoja aliyetumwa Uingereza na chama cha Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko ya watu wake kuhusu ardhi, naye alikuwa hana fedha. Jina lake ni Jomo Kenyatta. Alipewa nafasi ndogo ya chifu.

Ni muhali kulitazama jambo hili bila kutikisika. Mwenye kudai ardhi ya Waagikuyu alisimama akiwa chifu mtiifu mbele ya afisa wa kikoloni wa kubuni. Mwenye kutafuta lugha ya mababu aliimba nyimbo za Kiafrika ambazo sehemu kubwa ilitungwa na Mischa Spoliansky, mwanamuziki wa Ulaya aliyepata umaarufu wake Berlin. Wote wawili walihitaji ujira, na wote wawili, kwa namna tofauti, walidhani wanaweza kupita ndani ya nyumba ya mkoloni bila kuguswa na moshi wake. Historia haiwalaumu sawasawa. Kenyatta alikuwa mmoja wa umati, na baada ya miaka minne tu alichapisha Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoa picha nyingine kabisa ya Mwafrika. Robeson ndiye jina lililowavuta watu kununua tiketi.

Filamu ilizinduliwa London mnamo Aprili 1935. Ilianza kwa maandishi ya kuwatukuza maafisa wa Kiingereza wanaolinda amani ya makoloni, na Bosambo, badala ya kuwa mfalme, alikuwa kibaraka mcheshi anayemlilia Bwana Sanders, aliyeigizwa na Leslie Banks, kila mambo yanapoharibika. Robeson alieleza baadaye kuwa mwelekeo huo wa kibeberu ulitiwa mwishoni mwa utengenezaji, hakuujua alipokuwa akipigwa picha. Huenda ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo mazungumzo aliyoyatamka kwa kinywa chake yamo mle, na kiasi cha uhusiano wa Bosambo na bwana wake kilikuwa bayana kwa msomaji yeyote wa muswada. Penzi lake kwa Afrika ndilo lililompofusha. Marcus Garvey, ambaye naye alihamia London mwaka uo huo, alimshambulia gazetini bila huruma. Mwanzoni Robeson alijaribu kujitetea. Kisha akaikana filamu ile hadharani, na hakuacha kuikana.

Tangu hapo alianza kudai mamlaka juu ya kazi yake. Katika Song of Freedom ya mwaka wa 1936, ambamo kuli wa bandari ya London anagundua kuwa ni wa ukoo wa kifalme huko Afrika, mkataba ulimpa haki ya kuidhinisha filamu kabla ya kutolewa. Mwaka huo Eslanda na mtoto wao Pauli walisafiri hadi Afrika Kusini na Uganda, safari ambayo Eslanda aliiandikia kitabu, African Journey, kilichotoka mwaka wa 1945. Paul hakwenda nao. Mara pekee aliyoikanyaga ardhi ya Afrika ilikuwa Misri, mwanzoni mwa mwaka wa 1937, kwa ajili ya filamu ya Jericho. Mombasa, Lamu, Zanzibar, miji ambayo Kiswahili alichokisoma kilizaliwa ndani yake, hakuifikia kamwe. Msafiri anayemtafuta pwani yetu hatampata.

Atampata, kwa ajabu, katika mabonde ya Wales. Mnamo mwaka wa 1929 alikutana London na wachimba makaa wa Kiwelisi waliokuwa wakiandamana kwa njaa, akaandamana na kuimba nao, na urafiki huo haukukatika tena. Mwezi Desemba 1938, katika mji wa Mountain Ash, aliwaimbia maelfu waliokusanyika kuwakumbuka Wawelisi waliokufa katika vita vya Uhispania. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda Uhispania mwezi Januari mwaka huo kuwaimbia wapiganaji wa jamhuri. Filamu aliyoipenda kuliko zake zote, The Proud Valley ya mwaka wa 1940, ni kisa cha baharia mweusi anayekubaliwa na wachimba makaa kwa sababu ya sauti yake, kisha kwa sababu ya utu wake. Baada ya kuigiza sehemu nyingine ya kudhalilisha katika filamu ya Hollywood mwaka wa 1942, aliapa kuachana na Hollywood, na akatimiza. Mwigizaji maarufu aliyejiondoa akiwa bado anatakiwa si jambo la kila siku.

New York ilimpokea kwa fahari. Jumba la Shubert, kwenye barabara ya 44, ndipo alipoigiza Othello kuanzia Oktoba 1943 kwa maonyesho 296, idadi ambayo hakuna mchezo wa Shakespeare uliowahi kuifikia Broadway. Huko Harlem jengo nambari 555 la Edgecombe Avenue, alipoishi tangu mwaka wa 1939 hadi 1941, limetangazwa kuwa urithi wa taifa. Lakini kazi iliyomgharimu zaidi haikuwa ya jukwaani. Pamoja na Max Yergan, aliyewahi kufanya kazi ya kimishenari Afrika Kusini, aliasisi mnamo 1937 chombo kilichokuja kuitwa Council on African Affairs, akawa mwenyekiti wake. Baraza hili lilichanga chakula kwa ajili ya wenye njaa Afrika Kusini, likachapisha habari za makoloni ambazo magazeti makubwa yalizipuuza, na hali ya hatari ilipotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, likapaza sauti kuwatetea waliotiwa kizuizini. Yule chifu mdogo wa Shepperton alikuwa ameshtakiwa Kapenguria; Bosambo wa zamani akawa miongoni mwa Wamarekani wachache waliothubutu kumtetea.

Kufikia wakati huo mwenyewe hakuwa huru. Mwezi Agosti 1949, karibu na mji wa Peekskill, ghasia zilizuia tamasha lake; liliporudiwa tarehe 4 Septemba, mabasi ya wasikilizaji yalipopolewa mawe njiani, watu zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Mwaka wa 1950 serikali ilifuta pasipoti yake. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa mapenzi yake kwa Urusi ya Kisovieti, na hapa msimulizi yeyote mwaminifu hana budi kukiri kuwa Robeson alinyamaza pale alipopaswa kusema: alijua marafiki wa Kiyahudi waliokuwa wakiteswa chini ya Stalin, na bado hakulitamka hadharani nchini mwake. Mapenzi yalimpofusha tena, kama kule Shepperton. Lakini kulikuwa na sababu ya pili, isiyotajwa sana. Wanasheria wa serikali walieleza mahakamani mwaka wa 1952 kuwa mtu huyu kwa miaka mingi alikuwa akishughulika kisiasa kwa ajili ya uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Lile alilolianza katika darasa la Finsbury Circus lilikuwa limegeuka kosa.

Kumbi zilimfungia milango na pato lake la mwaka likashuka kutoka zaidi ya dola 100,000 hadi dola elfu chache. Mnamo Mei 1952 aliimba juu ya kitanda cha lori kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, katika bustani ya Peace Arch, huku maelfu wakimsikiliza kutoka nchi mbili. Tarehe 5 Oktoba 1957 wachimba makaa wa Wales walimfanyia hila nzuri zaidi: walijaa katika ukumbi wa Grand Pavilion, Porthcawl, naye akawaimbia kwa simu kutoka New York, sauti ikipita chini ya bahari ya Atlantiki bila kuulizwa pasipoti. Ukumbi ule ungali unasimama ukingoni mwa bahari.

Mahakama Kuu ilimrudishia haki ya kusafiri mwaka wa 1958. Alirudi Uingereza, akaigiza Othello huko Stratford mwaka wa 1959, na Novemba 1960 akawaimbia wajenzi waliokuwa juu ya majukwaa ya Sydney Opera House, jengo likiwa halijapata hata paa. Kisha mwili na akili vikachoka. Mwaka wa 1961 alijaribu kujiua hotelini mjini Moscow, akatibiwa London na Berlin Mashariki kwa zaidi ya miaka miwili. Alirejea Marekani mwezi Desemba 1963, mwezi ule ule ambao bendera ya Kenya ilipandishwa na Kenyatta akaapishwa kuongoza nchi huru. Robeson alishuka ndegeni akiwa mzee aliyenyamaza.

Eslanda alifariki mwaka wa 1965. Paul akahamia kwa dada yake, Marian, katika nyumba nambari 4951 ya Walnut Street, magharibi mwa Philadelphia, akaishi humo miaka kumi bila kuonekana hadharani. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya matofali ya kawaida, iliyobanana na jirani zake, na wageni huonyeshwa chumba alichokaa akisikiliza muziki na kupokea marafiki wachache. Tamasha la kuadhimisha miaka yake 75 lilipofanyika Carnegie Hall mwaka wa 1973, alituma salamu zilizorekodiwa tu.

Alifariki tarehe 23 Januari 1976. Mazishi yalifanyika Harlem, katika kanisa la Mother Zion lililowahi kuongozwa na ndugu yake Benjamin, na mvua ikinyesha, maelfu walisimama nje. Kaburi lake liko Ferncliff, Hartsdale, kaskazini mwa New York. Juu yake kumechongwa maneno kutoka hotuba aliyoitoa katika Royal Albert Hall, London, mwezi Juni 1937, miaka miwili baada ya Sanders of the River kuonyeshwa: kwamba msanii lazima achague kupigania uhuru au utumwa, na kwamba yeye amekwisha chagua.